Tusimwogope profesa anayewafanyia utafiti watoto wachanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, nalo ni namna magazeti yanavyomtambulisha kwa wasomaji profesa wa tiba na utafiti wa watoto wachanga. Taarifa za aina hiyo zina sura moja. Tunaambiwa alikosomea shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu, idadi ya makala alizochapisha, tuzo alizotunukiwa na kamati anazoketi, kisha inawekwa picha yake akiwa amevaa joho. Msomaji akifika mwisho hajui mtu huyo hufanya nini anapoingia kazini. Na pale mwandishi anapogusia kwa sentensi moja kwamba profesa huyo anawafanyia watoto wachanga utafiti, wasomaji huja juu: kwa nini kiumbe asiyeweza hata kusema anaumwa wapi afanyiwe majaribio? Hasira hiyo naielewa, kwa kuwa niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe. Hata hivyo naona imeelekezwa mahali pasipo pake, kwa sababu baadhi ya madhara makubwa kabisa yaliyowahi kuwapata watoto wachanga mikononi mwa madaktari yalitokana na tiba ambayo hakuna aliyekuwa ameijaribu sawasawa, na profesa tunayemwonea shaka ndiye aliyewekwa hapo kuzuia jambo hilo lisijirudie.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilihudumu katika wodi ya watoto wachanga kwa miaka 31, na katika muda huo nilifanya kazi chini ya maprofesa wanne: wawili hodari, mmoja wa kawaida, na mmoja ambaye tulimwona zaidi kwenye picha kuliko wodini. Sikuwahi kuwa mtafiti, wala siandiki kwa niaba ya chuo chochote.

Njia ya kuifikia kazi hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mtu husoma udaktari kwa miaka mitano au sita, akafanya kazi chini ya usimamizi, akarudi darasani kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto kwa miaka mingine mitatu au minne, kisha akaongeza miaka miwili au mitatu ya tiba ya watoto wachanga peke yake, yaani wale walio katika siku 28 za mwanzo wa maisha. Akitaka uprofesa huongeza utafiti wa uzamivu, halafu hupanda ngazi kutoka uhadhiri hadi uhadhiri mwandamizi, uprofesa mshiriki na hatimaye uprofesa kamili, huku zamu za usiku zikiendelea. Anapofika huko, wenzake wa shule huwa wameshaanza kuwazia kustaafu. Fani yenyewe bado ni changa: neno neonatolojia lilitungwa mwaka 1960 na daktari wa Marekani, Alexander Schaffer, na kabla ya hapo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati aliangukia kati ya mkunga na daktari wa watoto, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake.

Lakini ugumu wa kazi hii hauko kwenye miaka ya masomo. Uko kwa mgonjwa mwenyewe. Mtoto njiti wa kilo 1 ana damu isiyofika mililita 100 mwilini mwake mwote, kwa hiyo kila mililita inayochukuliwa kwa ajili ya kipimo ni zaidi ya asilimia moja ya damu aliyo nayo, na ukimpima mara kumi bila kufikiri umemtia upungufu wa damu kwa mikono yako. Ini lake halijakomaa, figo zake hazijakomaa, ngozi yake hupoteza maji na joto kama kitambaa kilicholowa. Dawa nyingi anazopewa zilitengenezwa na kupimwa kwa watu wazima, kisha zikapunguzwa dozi kwa makadirio. Makadirio hayo yamewahi kuua. Katika miaka ya 1950 ilikuwa kawaida kuwapa watoto njiti dawa ya kloramfeniko ili kuwakinga na maambukizi, kwa nia njema kabisa, mpaka ilipogunduliwa mwaka 1959, kwa kuwalinganisha waliopewa na wasiopewa, kwamba watoto waliokuwa wakigeuka rangi ya kijivu na kufa walikuwa wakiuawa na dawa yenyewe, kwa sababu ini la mtoto wa umri huo haliwezi kuivunja.

Kisa ninachotaka tukae nacho kwa kirefu, hata hivyo, ni cha oksijeni, kwa kuwa kila profesa wa fani hii hukifundisha na karibu kila mwananchi hajakisikia. Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza upofu wa aina mpya uliokuwa ukiwapata watoto waliozaliwa mapema. Upofu huo ulienea mwaka hadi mwaka, na jambo la kushangaza ni kwamba ulienea zaidi katika hospitali zenye vifaa bora. Hadi katikati ya miaka ya 1950 watoto wanaokadiriwa kufikia 10,000 duniani walikuwa wamepoteza macho. Madaktari walishuku vitamini, madini ya chuma, mwanga, maziwa, na mengine mengi. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliandika kwamba mahali ambapo oksijeni ilitumiwa kwa uchache, vipofu pia walikuwa wachache. Wazo hilo lilionekana kama kichaa. Oksijeni ni uhai. Nani angemnyima mtoto anayehema kwa shida?

Huko Washington daktari wa macho Arnall Patz aliamua kuwapa watoto wengine oksijeni nyingi na wengine kidogo, ili ajue. Wauguzi wa zamu ya usiku, kwa kuwaonea huruma watoto waliopangiwa kiasi kidogo, walikuwa wakiwafungulia oksijeni kwa siri daktari akiondoka. Nilipokisoma kisa hicho kwa mara ya kwanza niliona aibu, maana nilijua bila shaka yoyote kwamba na mimi ningefanya hivyo hivyo. Ningefungua ile koki kwa mkono wa huruma, na kwa mkono huo huo ningemtia mtoto upofu. Utafiti mkubwa ulioshirikisha hospitali 18 za Marekani kuanzia mwaka 1953 ndio uliomaliza ubishi: oksijeni nyingi iliyotolewa bila kipimo ndiyo iliyokuwa ikiharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Katika kipindi hicho hicho, William Silverman wa New York alikuwa akiwatibu watoto walioanza kuonyesha dalili za ugonjwa huo kwa homoni iitwayo ACTH, na wengi wao walipona macho. Mtu mwingine angeandika makala, akapokea pongezi na kupanda cheo. Yeye na wenzake waliingiwa na shaka, wakawagawa watoto kwa kuchota gololi kutoka kwenye kasha, hawa wapate dawa na hawa wasipate, na matokeo yakawa kwamba waliopewa dawa hawakuwa na nafuu yoyote ya macho na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wao. Waliopona mwanzoni wangepona hata bila dawa. Silverman alitumia maisha yake yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 2004, kuwasumbua madaktari wenzake kwa swali moja: mmejuaje? Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya profesa wa watoto wachanga kwa neno moja, na sijaona joho linaloweza kuionyesha.

Wala kisa hakikuishia hapo. Baada ya hofu ya upofu, hospitali zilibana oksijeni kupita kiasi, na watoto wakaanza kufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1973 Mwingereza Kenneth Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa macho, watoto 16 walikuwa wamepoteza maisha. Miaka mingi baadaye swali lilikuwa bado liko wazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 nchini Marekani, ulioshirikisha watoto 1,316 waliozaliwa mapema mno, ulilinganisha viwango viwili vya oksijeni katika damu ambavyo vyote vilikuwa vikitumika hospitalini kila siku. Kiwango cha chini kilipunguza ugonjwa mkali wa retina kutoka asilimia 17.9 hadi 8.6, lakini vifo viliongezeka kutoka asilimia 16.2 hadi 19.9. Hapakuwa na daktari hata mmoja duniani aliyejua hilo kabla ya utafiti kufanyika, na wakati huo kila wodi ilikuwa ikichagua kiwango chake kwa mazoea.

Utafiti huo ulizua mabishano makali miaka mitatu baadaye, pale mamlaka ya Marekani inayolinda watu wanaoshiriki katika tafiti iliposema kwamba fomu za ridhaa hazikuwaeleza wazazi hatari kwa uwazi wa kutosha. Nilifuatilia mabishano hayo kwa makini, na naona kila upande ulikuwa na haki yake. Swali lilistahili kuulizwa, na wazazi walistahili kuelezwa zaidi. Naitaja habari hii kwa makusudi, Mhariri, ili nisije nikaonekana ninawatetea watafiti kwa kila jambo.

Sitawatetea, maana nimeona kwa macho yangu mama akipewa karatasi ya ridhaa asaini akiwa katikati ya uchungu, kalamu ikimponyoka, na daktari kijana akimwambia kuwa ni "mambo ya kawaida ya hospitali". Mtoto aliishi. Mama yule hakuelezwa utafiti ulihusu nini wala uligundua nini, si siku ile, wala alipomrudisha mtoto kliniki akiwa anatambaa. Mmoja wa wale maprofesa wawili hodari niliowataja alipopata habari hiyo alisimamisha kazi ya wodi nzima kwa asubuhi moja. Alitukusanya wote, pamoja na wahudumu wa usafi, akatuambia kwamba mzazi asiyeelewa hajaridhia, hata kama karatasi imejaa saini. Tangu siku hiyo wajawazito walielezwa kuhusu tafiti wakiwa bado kliniki, kabla uchungu haujawashika, kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, na kila aliyekataa alihudumiwa sawa na aliyekubali. Kila mradi ulipitia kamati ya maadili ya utafiti, na kulikuwa na kundi la watu wasiohusika na mradi waliokuwa wakiangalia takwimu kila baada ya muda, wenye mamlaka ya kuusimamisha iwapo upande mmoja ungeonekana kuumia. Mambo haya ni ya kawaida katika utafiti wa kisasa. Nashangaa kwamba magazeti hayaulizi kamwe kama yalifanyika.

Jambo la pili ambalo orodha ya vyeti haiwezi kulionyesha ni muda. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery, daktari kijana aliyekuwa amepatwa na kifua kikuu na kwa sababu hiyo akavutiwa na mapafu, alionyesha pamoja na Jere Mead kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walikosa safaktanti, yaani ule utando laini unaozuia vifuko vya mapafu visigandane kila mtoto anapotoa pumzi. Chanzo kilijulikana, tiba haikuwapo. Mwezi Agosti 1963 ugonjwa huo huo ulimuua Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, akiwa na siku mbili, na uwezo wote wa nchi ile haukumsaidia. Ilikuwa mwaka 1980 ndipo Tetsuro Fujiwara wa Japani alipotoa taarifa ya watoto 10 waliowekewa mapafuni safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, wakapata nafuu. Kati ya kujua chanzo na kupata dawa ilipita miaka 21. Mtoto aliyezaliwa siku Avery alipochapisha makala yake angekuwa tayari chuo kikuu.

Huko New Zealand, Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo ili ajue uchungu wa kuzaa huanzishwa na nini, akaona kwamba mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno, ambaye mapafu yake yalipaswa kuwa yamejifunga, alikuwa akipumua. Alikuwa amepewa homoni za steroidi akiwa tumboni. Mtu asiye makini angelipita jambo hilo, maana silo alilokuwa akilitafuta. Liggins na mwenzake Ross Howie walilifanyia utafiti kwa akina mama walioelekea kujifungua mapema, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba vifo vya watoto katika siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 kwa waliopata dawa na asilimia 15 kwa wasiopata. Sindano yenyewe ni rahisi. Pamoja na hayo, ilichukua zaidi ya miaka 20, hadi jopo la wataalamu wa Marekani lilipotoa tamko mwaka 1994, ndipo matumizi yake yalipoenea. Ni watoto wangapi walikufa katika kusubiri huko sitaki hata kufikiria. Nasema tu kwamba nusu ya kazi ya profesa ni kugundua, na nusu nyingine, isiyo na tuzo, ni kuzunguka miaka na miaka akiwashawishi watu watumie kilichogunduliwa.

Na kuna wanaotumia maisha yao kutuondolea kitu tulichokizoea. Nilipoanza kazi nilifundishwa kwamba mtoto akizaliwa bila kulia hupewa oksijeni safi, asilimia 100, kwa mfuko na barakoa. Mikono yangu ilifanya hivyo mara zisizohesabika. Ola Didrik Saugstad wa Norway alikuwa ameanza zamani kushuku kwamba oksijeni ya ghafla namna hiyo huujeruhi mwili uliokuwa umeikosa, na mwaka 1998 utafiti alioongoza katika nchi kadhaa ulionyesha kuwa hewa ya kawaida, hii tunayoivuta sote, haikuwa duni hata kidogo kuliko oksijeni safi. Miongozo ya kimataifa ilibadilika mwaka 2010, ikaelekeza kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake aanze kupuliziwa hewa ya kawaida. Nakumbuka ubishi uliotokea wodini kwetu. Wauguzi wakongwe tulikuwa wagumu kuliko wote, tukisema hizo ni nadharia za watu wasiokesha. Ilibidi mikono ijifunze upya, na mikono ya mtu wa makamo haifundishiki haraka.

Msomaji asidhani kwamba ugunduzi wote hutoka kwa wenye vyeo. Tiba ya mwanga wa bluu, ambayo leo hutumika kila mahali kwa mtoto mwenye umanjano wa ngozi, ilianzia kwa muuguzi. Katika hospitali ya Rochford, Uingereza, mwaka 1956, Sista Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate jua, akamwonyesha daktari mtoto ambaye umanjano ulikuwa umefifia mwili mzima isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyokuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Richard Cremer na wenzake walilichukua jambo hilo, wakalipima, na mwaka 1958 wakalichapisha. Virginia Apgar naye hakuwa daktari wa watoto. Alikuwa daktari wa usingizi, aliyekatishwa tamaa ya kuwa mpasuaji kwa kuwa ni mwanamke, na alama zake tano alizozichapisha mwaka 1953, yaani mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu wa misuli, mwitikio na rangi ya ngozi, ziliwalazimisha waliomo chumba cha kuzalia kumtazama mtoto mwenyewe badala ya kumshughulikia mama peke yake. Profesa anayejua kazi yake huzisikiliza sauti za namna hiyo. Yule wa kwetu aliyesimamisha wodi alikuwa na swali la kila asubuhi, nalo tuliulizwa sisi wa zamu ya usiku kabla daktari yeyote hajafungua mdomo: mmeona nini?

Pia kuna ugunduzi uliozaliwa na uhaba. Mwaka 1978, katika hospitali ya Bogotá nchini Kolombia iliyokuwa imejaa kupita kiasi, ambapo watoto walilazimika kulala wawili au watatu katika inkubeta moja, Edgar Rey Sanabria aliwafunga watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, inayojulikana kama huduma ya kangaruu, ilidharauliwa kwa miaka mingi kwa kuitwa mbadala wa maskini. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ukilenga watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, wakiwamo ambao hali yao bado haijatulia, ulionyesha kwamba walioanza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 12, na wale waliosubiri hadi watulie walikufa kwa asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwasubirisha wengine. Kumbe lile tuliloliona kuwa la kuvumilia hadi mashine zifike lilikuwa tiba yenyewe.

Hapo ndipo ninapowajibu wale wanaosema tafiti zifanyike kwingine, kwenye nchi zenye uwezo, nasi tupokee majibu. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa na kuumia ubongo hutibiwa katika nchi tajiri kwa kupoozwa mwili, yaani kushushwa joto, hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, na tafiti zilizotolewa kuanzia mwaka 2005 zilithibitisha kwamba kwao njia hiyo inafaa. Ilikuwa rahisi kuichukua kama ilivyo. Lakini ilipopimwa katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalikuwa kinyume: waliopoozwa walikufa kwa asilimia 42, na wasiopoozwa kwa asilimia 31. Sindano za steroidi za Liggins nazo zilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 2015 utafiti mkubwa katika nchi sita, zikiwamo Kenya na Zambia, ulionyesha kwamba kuzisambaza kila mahali, hata pasipo na uhakika wa umri wa mimba, hakukupunguza vifo vya watoto njiti, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Miaka mitano baadaye utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Kenya na Nigeria zikiwamo, ulizitoa hospitalini, umri wa mimba ukiwa umepimwa vizuri, na vifo vikapungua. Dawa ni ile ile, mazingira ni tofauti. Jibu la namna hiyo halipatikani kwa kuazima. Lazima awepo mtu wa mahali hapo, mwenye elimu na cheo cha kumruhusu auulize swali lake na kulisimamia hadi mwisho.

Na haja ipo. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watoto milioni 2.3 walikufa mwaka 2022 kabla ya kutimiza mwezi mmoja, nao ni karibu nusu ya vifo vyote vya watoto wa chini ya miaka mitano. Lengo la dunia ni kwamba kufikia mwaka 2030 kila nchi iwe na vifo visivyozidi 12 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai.

Sasa nirudi kwa magazeti, na kidogo kwa vyuo. Vyuo vingi humpandisha mtu cheo kwa kuhesabu makala zake, na makala hupatikana haraka zaidi kwa kukaa ofisini na takwimu za wengine kuliko kwa kusimamia utafiti wa miaka minane wodini. Matokeo yake ni kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo anavyohama kutoka kwa mgonjwa, mpaka siku anapopewa uprofesa kamili akawa hajamshika mtoto kwa mwaka mzima. Yule wa nne niliyemtaja mwanzoni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vikao, ripoti, safari na wanafunzi kumi na wawili wa kuwasimamia, na tulipomhitaji saa nane za usiku hatukujua tumpigie simu gani. Ningependa vyuo vihesabu pia siku za wodi, madaktari na wauguzi waliofunzwa wakabaki kwenye kazi, na tafiti zilizokuja na jibu la "hapana", kwa kuwa jibu la hapana likiwa la kweli humwondolea mtoto sindano isiyo na faida.

Gazeti lako, Mhariri, linaweza kusaidia kwa urahisi zaidi kuliko chuo. Mwandishi akitumwa kumhoji profesa wa watoto wachanga, aache kwanza orodha ya shahada. Amwulize ni tiba gani aliyofundishwa akiwa kijana ambayo leo haitumii tena, na ni nini kilichomfanya aiache. Amwulize mzazi anayekataa kushiriki katika utafiti wake huhudumiwa vipi, na anayekubali huletewa majibu lini. Amwulize ni lini mara ya mwisho alikesha wodini, na muuguzi wa zamu hiyo alimwambia nini. Kama ratiba yake inaruhusu, mwandishi huyo aende wodini usiku badala ya ofisini mchana. Na kama profesa atakuwa hayupo, amhoji muuguzi atakayemkuta, kisha aandike hivyo hivyo.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto wachanga